Mwalimu Aliyebakiwa na Neno Moja

Mama yangu akiulizwa na wateja wake nafanya kazi gani, hujibu kwamba niko hospitali. Nimemweleza mara nyingi kuwa pale si hospitali, ni kituo cha mazoezi ya viungo, na kwamba mimi si nesi. Hunisikiliza huku akikunja vitenge vyake, na mteja mwingine akiingia dukani anasema vilevile: "Huyu mdogo yuko hospitali, anahudumia wagonjwa." Simlaumu. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nikiulizwa najikuta nazungukazunguka. Nikisema natibu kwa sanaa, mtu anadhani naimba kwaya. Nikisema nachora pamoja na wagonjwa, anauliza kama hizo picha zinauzwa. Siku moja dereva wa bajaji aliyekuwa akinipeleka kazini alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo dada wewe unakaa nao tu." Nikamwambia ndiyo, karibu ni hivyo.

Nimezaliwa Ngarenaro, katika familia iliyohamia kutoka Kondoa kabla sijazaliwa. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa mbele, sisi tulikaa vyumba vya uani, na mpaka leo nikisikia harufu ya chuma kilichochomwa najisikia niko nyumbani. Wateja wenye uwezo walitaka mageti yenye maua, na baba hakuwa na mkono wa maua. Akanipa chaki, nikawa namchorea maua sakafuni, naye anakunja nondo kufuata mchoro wangu. Nilipomaliza sekondari nilipata kazi kwa mwenye duka la vinyago na picha mjini. Nilichora twiga, tembo, na wanawake wa Kimasai waliopanga mstari jua likizama. Niliwachora wanawake wale mpaka nikaweza kuwachora huku naongea na simu.

Kisha baba akafariki. Aliugua muda mfupi tu, hata hatukupata nafasi ya kuzoea kwamba anaumwa. Watu walijaa msibani mpaka barabarani. Mimi nilipeleka chai, nikatandika majamvi, nikapokea pole, nikashukuru. Dada zangu walilia mpaka sauti zikakauka. Mimi sikulia, na watu wakanisifu kwamba nina moyo. Baada ya arobaini nilirudi kazini, nikaweka kanvasi mpya mbele yangu ili nichore twiga, nikachora mlango wa karakana. Mlango wa bati, rangi ya kijani iliyopauka, umefungwa. Kesho yake nikachora mlango uleule. Na siku iliyofuata.

Bosi wangu alikuwa mtu mpole. Alinivumilia, kisha akaja akasimama nyuma yangu. "Mdogo wangu," alisema, "watalii hawanunui mlango."

"Najua, kaka. Nisamehe."

"Sijakukataza kuchora. Nakwambia tu hawanunui. Iweke huko nyuma."

Nikawa nachora twiga asubuhi na milango mchana. Katika mlango mmoja niliacha upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo nikagusa rangi ya machungwa, kama zile cheche zilizokuwa zikiruka baba akiwa kazini. Nikalia hapohapo, brashi mkononi. Bosi aliacha alichokuwa anafanya, akaenda kusimama nje ya duka ili mtu asiingie.

Jioni ile nikakaa na simu nikaanza kutafuta. Nilitaka kujua nini kimenitokea. Ndipo nikasoma kwamba kuna watu duniani ambao kazi yao ni hiyo, kukaa na mtu aliyeelemewa, na kati yao kuna karatasi na rangi. Wanasomea. Wana vyeti. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba ana ndugu mahali asipopajua.

Njia ya kufika huko haikuwa imenyooka. Hapa kwetu hakuna chuo nilichokipata kinachofundisha jambo hilo lenyewe, kwa hiyo nilianza na diploma ya ushauri nasaha, nikisoma huku naendelea na twiga wangu. Baadaye nikajiunga na kozi ya mtandaoni. Mama alinipa kona ya duka lake kwa sababu mtandao ulishika vizuri pale, nikawa nasikiliza masomo kwa spika za masikioni katikati ya majora ya vitambaa, na wateja wakiniona nimekodolea simu macho wanamwuliza kama naumwa. Aliyenifundisha alikuwa mama mtu mzima anayeishi mbali sana, na alirudia jambo moja mpaka nikaliota: usimsomee mtu picha yake. Muulize mwenyewe. Na kama hawezi kujibu, ngoja.

Kusoma ni kitu kimoja, kupata pa kufanyia kazi ni kingine. Nilibisha hodi sehemu nyingi. Kote walinipokea kwa heshima, wakaniambia niache namba ya simu. Mwisho nikafika kwenye kituo kidogo Olasiti, nyumba ya kawaida yenye uwanja na miti ya parachichi, inayoendeshwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa Kichaga ambaye haongei kama hakuna sababu. Nilimweleza kwa kirefu. Akasikiliza huku akimshika mgonjwa mmoja kiwiko, akimhesabia kunja, nyoosha, kunja, nyoosha. Nilipomaliza akasema, "Kusema kweli sijaielewa hiyo kazi yako. Lakini chumba cha nyuma kiko wazi. Njoo Jumatatu."

Chumba kile kilikuwa stoo. Nilikifagia, nikapaka chokaa, nikaweka meza moja ndefu na viti. Rangi zilizokuwepo ni krayoni za watoto, boksi zima ambalo mtu alilileta kituoni kama msaada. Ndivyo vifaa nilivyokuwa navyo siku Mwalimu alipoletwa.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mmeru wa Nkoaranga. Alianguka shambani kwake asubuhi moja akikagua kahawa, na walipomfikisha hospitali wakaambiwa ni kiharusi. Upande wa kulia ulilala, mkono na mguu, na maneno yakaondoka. Mwanawe mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari mjini, alimchukua akaja kukaa naye Olasiti ili awe karibu na mazoezi. Mkewe aliacha ng'ombe na migomba mikononi mwa majirani akamfuata mumewe. Alikuwa mama mrefu, mkimya, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa kwa unadhifu kila siku, na ndiye aliyekuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kutoka chumba cha mazoezi hadi kwangu.

"Shikamoo Mwalimu," nilimwamkia siku hiyo ya kwanza.

"Marahaba," akajibu. Sauti ilikuwa wazi, nzito, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Nilishangaa. Nilikuwa nimeambiwa hawezi kusema.

"Ndilo hilo tu, mwanangu," mkewe akasema taratibu. "Jingine hakuna."

Na kweli halikuwepo jingine. Akitaka maji, anasema marahaba. Akikataa chakula, marahaba, kwa ukali. Usiku akiumwa na bega, mkewe aliniambia, anaita marahaba, marahaba, mpaka amgeuze. Dada mwenye kituo alinieleza kwamba ndivyo inavyotokea kwa wengine: maneno ya kutafuta yanapotea, yale ambayo ulimi umeyazoea yanabaki. Kuna anayebaki na kuhesabu, kuna anayebaki na sala, kuna anayebaki na tusi, na familia inaona aibu. Mwalimu alibakiwa na jibu alilowapa watoto wa shule nzima kila asubuhi ya maisha yake ya kazi. Na akili yake ilikuwa timamu. Ukimwangalia usoni uliona anaelewa kila kitu, hata jinsi watu walivyoanza kumsemea mbele yake kama vile hayupo.

Nikamwekea karatasi na krayoni. Aliziangalia muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akazisukuma zote zikaanguka sakafuni.

"Marahaba," alisema, akanigeuzia uso.

Mkewe akainama haraka kuziokota. "Msamehe. Hakuwa hivi."

"Mama, ana haki," nikamwambia. "Hizi ni za chekechea. Yeye ni mwalimu mkuu."

Aliposikia hivyo akanitazama tena. Si kwa upole, lakini alinitazama.

Nilimwuliza mkewe mikono ya Mwalimu ilizoea nini. Akajibu, chaki na jembe. Basi nikatafuta ubao mweusi na chaki, nikadhani nimepata. Siku ile alipouona aliketi wima, akashika chaki kwa mkono wa kushoto, akaanza kuandika. Mkono ulikwenda kwa uhakika, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayeandika tarehe juu ya ubao. Alipomaliza akarudi nyuma kusoma alichoandika. Yalikuwa makwaruzo. Hakuna herufi hata moja. Aliyakodolea macho, akayafuta kwa kiganja, akaandika tena, yakatoka makwaruzo yaleyale. Machozi yakamtoka bila sauti. Mkewe akavua kanga begani akampangusa machozi, kisha vumbi la chaki vidoleni.

Ubao niliutoa. Kwa siku kadhaa sikujua nifanye nini naye. Mwishowe nilinunua rangi za kawaida za maji na brashi pana, nikatandika karatasi kubwa mbili juu ya meza, moja mbele yake na moja mbele yangu. Sikumwambia achore. Nilichora mimi. Nilikaa pembeni yake, bega kwa bega, nikachora mlango wa karakana ya baba, kwa sababu ndicho kitu nilichojua kukichora nikiwa sina la kufanya. Mkewe alikaa kwenye benchi karibu na dirisha. Nje alisikika dada mwenye kituo akihesabu, kunja, nyoosha.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Alikuwa akitazama. Wakati mwingine alisinzia. Mwanawe alipokuja kumchukua na kukuta karatasi yangu imejaa na ya baba yake ni nyeupe, alinisalimia kwa adabu, lakini niliona anajiuliza. Siku moja akanivuta pembeni.

"Dada, naomba kuuliza bila kukukosea. Huyu mzee hapa anapata nini?"

"Bado sijui, kaka."

"Maana mguu naona unaanza kukanyaga. Huko kwingine naona faida. Huku..."

"Nipe muda kidogo. Anakuja mwenyewe, hakatai kuingia. Akikataa nitakwambia."

Alikubali, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiuliza kama mama hana haki kuitafutia kazi yangu jina jingine, kwamba kazi inayokosa jina pengine si kazi. Mama alinitazama nikila, akaniongezea mchuzi.

Siku Mwalimu alipochukua brashi sikuona ilivyoanza. Nilikuwa nimeinamia karatasi yangu, nikasikia maji yakitikisika kwenye kopo. Alikuwa amechovya brashi katika rangi ya kahawia na anavuta mstari, polepole, kutoka kona ya juu ya karatasi. Mstari ukashuka, ukakunja, ukashuka tena. Kisha akachora mwingine sambamba nao. Pembeni, pande zote mbili, akaweka vijiti vidogo vidogo vilivyosimama, vyenye kitu kama ulimi juu. Alichora mpaka muda wetu ukaisha, akaweka brashi chini, akasema marahaba kwa sauti ya mtu aliyemaliza kipindi.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alisimama tangu saa ngapi. Alikuwa amejiziba mdomo.

Kikao kilichofuata akachora mistari ileile. Na kilichofuata. Nilimwachia. Mimi niliyechora mlango mmoja mpaka bosi akanihurumia, nisingekuwa wa kumwambia abadilishe. Lakini mwanawe alipoziona picha zile uso wake ukabadilika. Alizitandaza mezani, akazitazama moja moja, akapiga picha kwa simu. Siku iliyofuata akaja na mdogo wake, aliyefunga safari kutoka Moshi.

"Ni mpaka," alisema yule mkubwa. "Haya hapa ni masale. Baba anatuonyesha mpaka wa shamba."

Masale ni yale majani marefu yanayopandwa huku mlimani kuonyesha shamba la mtu linapoishia. Mdogo akainama akatazama. "Huu ni wa upande gani? Wa juu kwa baba mdogo au wa chini?"

"Wa chini. Ona unavyokata kona. Anataka tugawane akiwa hai."

"Mbona kwangu kama wa juu?"

Walianza kwa upole, lakini sauti zikapanda. Mmoja alionyesha kwa kidole, mwingine akageuza karatasi upande wa pili. Walikuwa watu wema, nataka niseme hivyo. Waliogopa, na walimpenda baba yao, na kwa miezi walikuwa wakitafuta ishara yoyote kutoka kwake. Walipoipata wakaishika kwa nguvu. Mwalimu alikuwa katikati yao kwenye kiti chake. Alipiga meza kwa kiganja cha kushoto.

"Marahaba," alisema. Akapiga tena. "Marahaba. Marahaba."

"Umeona, anakubali," alisema mkubwa.

"Hakubali," mama yao akasema kutoka kwenye benchi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea na watoto wake kwa sauti hiyo. "Mtazameni baba yenu usoni kwanza."

Wakamtazama. Niliwaomba wakae. Niliwaambia picha ni ya Mwalimu, sisi wengine hatuijui, na kama tunataka kuijua tumuulize kwa namna anayoweza kujibu. Kisha nikachukua kopo la maji safi na rangi zote nilizokuwa nazo, nikazipanga mbele yake, nikaweka picha ya mwisho katikati.

"Mwalimu," nikamwambia, "picha yako haijapakwa rangi hapa katikati. Ukipenda, imalizie."

Alichelewa. Mkono ulipita juu ya nyekundu, ukapita juu ya kijani, ukasimama kwenye bluu. Akachovya brashi mpaka ikadondosha, akaishusha ndani ya ile mistari miwili kuanzia juu, ikashuka, ikakunja, ikashuka tena mpaka mwisho wa karatasi. Rangi ilikuwa na maji mengi, ikatiririka ikavuka ukingo wa meza ikamlowanisha goti. Hakujali.

Wale vijana wawili waliinama kuitazama. Ndipo mama yao akasogea.

"Ni mfereji," alisema. "Mfereji wetu pale chini ya migomba. Na hayo ni magimbi." Alimgeukia mumewe akamwuliza kitu kwa Kimeru. Mwalimu akafumba macho, akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.

Mkubwa alikuwa bado ameshika kona ya karatasi. "Sasa anataka tuufanye nini?" aliniuliza.

"Labda hakuna cha kufanya. Labda anaukumbuka."

Mama yao ndiye aliyenieleza. Mwalimu alikuwa akishuka pale kila asubuhi kabla ya kwenda shule, ananawa uso na miguu, anavaa viatu juu ya jiwe ili asivichafue. Alipostaafu aliendelea kushuka vilevile, anakaa, maji yanapita. Hakuwahi kusema anapapenda. Ilikuwa tu ni sehemu ya asubuhi yake, kama chai. Tangu augue alikuwa akiogeshwa kwa beseni chumbani.

"Unataka kwenda, baba?" akauliza yule mdogo. Alipiga magoti kabisa mbele ya kiti. Mwalimu hakutumia neno lake. Alimshika kijana wake kichwani, akaacha mkono pale.

Tulikwenda Jumamosi. Dada mwenye kituo alikuja pia, akaniambia anakuja kuangalia mguu, lakini alikuwa amevaa vizuri. Gari lilifika mwisho wa barabara, kuanzia hapo ni njia ya miguu, mwinamo mkali kati ya kahawa na migomba, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kiti cha magurudumu kisingeshuka pale. Majirani wakaleta kiti cha mbao chenye mikono, wakamkalisha, wakamfunga kiuno kwa kanga ya mkewe, wanaume wanne wakambeba. Walishuka kwa hatua fupi, wakiambizana wapi pa kukanyaga. Kuna mahali mmoja aliteleza, kiti kikainama. Mwalimu ndiye peke yake ambaye hakuonyesha hofu. Alikuwa akiinua shingo kutazama mbele.

Mfereji wenyewe ulikuwa mdogo. Mtu mzima angeuruka. Maji yalikuwa yanapita upesi, masafi, na magimbi yameota kingo zote kama alivyochora, majani yake mapana yakitikisika. Wakaweka kiti ukingoni. Mkewe akamvua viatu na soksi, akamkunja suruali, akaiingiza miguu yote miwili majini, mmoja mmoja. Mguu wa kushoto ukashtuka kwa baridi. Wa kulia haukushtuka. Yeye akauangalia ule wa kulia ndani ya maji, na mkewe akaanza kuusugua kwa viganja, polepole, akiongea naye Kimeru. Sikuelewa maneno. Nilisogea mbali kidogo.

Habari ilishafika kijijini. Watu wakaanza kuja, wanawake waliotoka kukata majani ya ng'ombe, wanaume wa kanisani, wasichana wenye watoto mgongoni. Karibu wote amewafundisha, au amewafundisha wazazi wao. Kila mmoja alifika ukingoni, akainama kidogo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Shikamoo Mwalimu. Pole na kuumwa."

"Marahaba."

Mzee mmoja wa rika lake akasimama ng'ambo ya mfereji akacheka, akamwambia kwamba yeye hamwamkii, wao ni wa mwaka mmoja. Mwalimu akacheka pia, mdomo ukipinda upande mmoja. Wengine wakaendelea kuja. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo na dada mwenye kituo, na ilinichukua muda kung'amua nilichokuwa nakiona. Hakuna aliyekuwa akimsemea. Hakuna aliyekuwa akikisia. Watu walisema wanachosema kwa mwalimu wao, naye akawajibu jibu lililo sahihi, mmoja baada ya mwingine, mchana wote. Mwanawe mkubwa aliligundua kabla yangu, maana nilimwona amegeukia migomba, mabega yakimtikisika. Dada mwenye kituo akampelekea leso, akarudi kuketi.

"Sasa nimeielewa kidogo," aliniambia.

Sitaki mtu adhani picha zilimponya Mwalimu. Mguu wake ulirudi kwa mazoezi na kwa jasho lake mwenyewe. Anatembea kwa fimbo. Maneno yamerudi machache: maji, ng'ombe, jina la mkewe, na mengine yanakuja na kuondoka. Mkono wa kulia haujaamka, na daktari hakutudanganya kuhusu huo. Familia iliamua wakae Nkoaranga, siyo mjini, na wanawe wanapokezana kupanda huko wikiendi. Kuhusu mashamba sikusikia tena, na sikuuliza. Mimi hupanda kila mwezi nikiwa na karatasi zangu. Siku nyingine Mwalimu anachora, siku nyingine ananionyesha kwa fimbo kwamba hataki, tunakunywa chai.

Mara ya mwisho nilipopanda alikuwa amelala. Mkewe alinikaribisha sebuleni, nikamwambia nitasubiri kidogo, asimwamshe. Nikapanga rangi mezani kwa mazoea tu. Yeye akaingia jikoni, akatoka, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Akauliza safari ilikuwaje, akauliza hali ya mama. Kisha akasimama pale mezani.

"Hizi ni za wagonjwa tu?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni za yeyote."

"Mimi siumwi."

"Najua."

Alinawa mikono kwanza, akaikausha kwa kanga, akakaa. Alifikiri kwa muda mrefu mbele ya karatasi ile, na mimi nikafungua yangu, nikaiinamia pembeni yake. Alichukua njano. Aliweka alama moja katikati kabisa, ndogo, akaitazama. Akaweka nyingine karibu yake. Alikuwa akivuta pumzi kwa kina kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na kule nyuma ng'ombe alisikika akitafuna. Sikumwuliza ni nini. Aliendelea kuongeza njano, na kila alipomaliza rangi kwenye brashi nilimsogezea kikopo.